Mngojaji Rasmi wa Bi Kidawa

Nianze kwa kuisifu nchi, maana mwenye adabu huanza hivyo. Jamhuri yetu ya Stahamala ni nchi ya amani, yenye hewa nzuri na viti vingi vya kungojea. Mgeni akifika hushangaa. Atakuta viti barazani, viti kwenye ngazi, viti hata nje ya vyoo vya serikali. Vingine tulinunua, vingine tuliletewa kama msaada na mataifa rafiki, ambayo yalitazama yakaona kwamba tunachohitaji zaidi ni mahali pa kukaa.

Mimi naitwa Songoro, karani mstaafu wa Wizara ya Kuondoka na Kurudi. Sina ubaya na serikali yangu. Haya ninayosimulia nayasimulia kwa fahari, na mtu asije akanifasiri vibaya.

Jirani yangu ni Bi Kidawa, mjane. Ukuta wake ndio ukuta wangu. Nikiunguza chai ananigongea, redio yake ikinyamaza nagonga mimi. Alijaliwa mtoto mmoja tu, Raya, ambaye aliolewa akahamia Ulaya, kwenye mji wa baridi ambao Bi Kidawa hulitamka jina lake kila siku kivingine. Mume wa Raya ni baharia wa meli za mizigo. Akiondoka huyo, ameondoka.

Asubuhi moja ukuta ukagongwa, nami chai nilikuwa sijainjika. Nikatoka uani.

"Bwana Songoro, Raya hajisikii vizuri."

"Maskini. Ana nini?"

"Nakwambia hajisikii vizuri," akasema, akanikazia macho.

Hapo nikaelewa. Kwetu mimba haitangazwi. Mwanamke akiwa nayo husemwa kwamba hajisikii vizuri, na mwenye akili hushusha macho akauliza habari za mvua. Kumtaja mtoto ambaye hajafika ni kumwitia jicho baya njiani. Nikauliza habari za mvua.

Na kwetu binti akijifungua, mama yake humwendea. Humkanda kwa maji ya moto, humfunga tumbo kwa mkaja, humnywesha uji wa pilipili manga, mpaka arobaini itoke. Mama asiyekwenda husemwa mpaka afe, na akifa husemwa matangani.

"Basi itabidi uende," nikamwambia.

"Ndiyo nakwenda," akajibu, kama anayekwenda sokoni kununua bamia. Jioni ile ile alikuwa amekwisha funga begi.

*

Mataifa ya Ulaya ni mengi, lakini kwetu yameungana yakafungua Ubalozi wa Pamoja, na Ubalozi wa Pamoja una dirisha moja. Kabla ya kulifikia lazima uwe na picha.

"Mama, usicheke," akasema mpiga picha.

"Sicheki, baba."

"Unacheka."

"Ndivyo uso wangu ulivyo."

"Ulaya hawapokei meno. Hebu fikiria jambo la huzuni."

Bi Kidawa akamfikiria Raya peke yake ndani ya nyumba, dirishani theluji. Mpiga picha akaruka kwa furaha. "Safi kabisa! Kwa uso huu hata mimi ningekupa viza!"

Fomu nilimsaidia kuijaza, maana ukarani hautoki mwilini. Tulikwama kwenye sababu ya safari. Kulikuwa na utalii, biashara, mkutano, mazishi, na mengineyo. Bi Kidawa akachagua mengineyo, akaandika: *Kumjulia hali mwanangu*.

"Andika wazi, Bi Kidawa. Serikali zinapenda uwazi."

"Niandike wazi nini? Hii karatasi itapita mikononi mwa watu nisiowajua, Bwana Songoro. Wewe unajua wana macho gani?"

Nilikuwa nimefanya kazi na watu wa aina ile maisha yangu yote, na nilijua wana macho gani. Nikamwacha.

*

Bwana Afisa wa Dirisha ni kijana wetu, Mstahamala halisi, aliyeajiriwa kwa sababu anaijua lugha yetu. Anaijua kweli, ila haitumii kwenye mambo madogo kama salamu. Bi Kidawa alifika mbele ya kioo akasimama, akingoja aamkiwe kama inavyostahili umri wake. Kijana naye alikaa akingoja apewe makaratasi. Walitazamana hivyo mpaka foleni nyuma ikaanza kuguna. Mwishowe Bi Kidawa akaona huruma, akaijibu shikamoo ambayo haikutolewa.

"Marahaba, mwanangu."

"Karatasi," akasema kijana. Akasoma. "Kujulia hali. Mama, una simu?"

"Ninayo."

"Hali hujuliwa kwa simu."

"Simu haimkandi mtu mgongo, mwanangu."

"Kumbe utakanda? Na nini kingine?"

"Nitampikia, nitamfulia, nitambembelezea..." Akajikatiza. "Nitamfulia."

"Hizo ni kazi. Viza ya muda mfupi hairuhusu kazi. Huko Ulaya kuna watu wanalipwa kwa kufua. Unataka kuwanyang'anya riziki?"

Akatuonyesha ukutani. Ubalozi, kwa kuheshimu utamaduni wetu, ulikuwa umetundika methali yetu kwa maandishi ya dhahabu: *Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe*. Chini yake, kwa herufi ndogo, ilisomeka: *Mwenye viza ya muda mfupi haruhusiwi kushika jembe*.

"Sasa swali kubwa," akaendelea. "Ushahidi gani unatuonyesha kwamba utarudi? Nani anakungoja hapa Stahamala?"

Bi Kidawa akafikiri. "Mume wangu."

"Yuko wapi?"

"Makaburini, pale Msufini."

"Huyo atakungoja popote utakapokuwa. Mwingine?"

"Kuku wangu."

"Kuku hawatambuliwi. Mwingine?"

Akaanza kuhesabu kwa vidole. Mimi nilikuwa nyuma yake hatua chache, nimeshika mwavuli wake. Nilitaka kusema. Lakini sikuitwa, na nchi hii asiyeitwa haitiki. Nimelelewa hivyo na nimeajiriwa hivyo. Faili likarudishwa na muhuri mwekundu: KASORO – HAKUNA ANAYEMNGOJA.

Tulirudi kwa miguu. Karibu na nyumbani Bi Kidawa akasimama.

"Unajua linaloniuma, Bwana Songoro? Nimeolewa, nimezaa, nimezika, nimepika pilau la harusi za mtaa mzima. Leo mtoto mdogo nyuma ya kioo ananiambia sina mtu. Nami nikatafuta jina la kumpa, wallahi, nikalikosa."

Nikaufungua ule mwavuli, nikamkinga jua mpaka mlangoni kwake.

*

Ikagundulika kwamba kasoro hii si ya Bi Kidawa peke yake. Ubalozi ulipopiga hesabu uliona karibu nchi nzima haina anayeingoja. Ikawa aibu ya taifa.

Kwa bahati njema, Mheshimiwa Pazi Mbwelera, Waziri wa Kuondoka na Kurudi, alikuwa anarejea kutoka Ulaya, alikokwenda na msafara wake kujifunza jinsi wenzetu wanavyofupisha foleni. Huenda kila mwaka, kwa sababu somo ni gumu. Alitulazimisha tumpokee uwanja wa ndege, akahutubia kabla hajavua koti la baridi.

"Ndugu wananchi! Wenzetu wanatuuliza: nani anawangoja? Ni swali la haki, na serikali yenu sikivu imelisikia nikiwa kwenye chakula cha jioni. Leo natangaza Idara ya Wangojaji! Kuanzia sasa hakuna Mstahamala atakayeondoka bila kungojwa! Tutawangoja kitaalamu! Tutawangoja kwa viwango vya kimataifa! Na wale wasiosafiri, msinung'unike, nanyi tutawangoja!"

Tukapiga makofi. Mzee aliyekuwa kando yangu aliniuliza lile la mwisho maana yake nini. Nikamwambia apige makofi kwanza.

Kesho yake nikaenda kujiandikisha. Mtahini akanionyesha benchi, akasema, "Subiri hapa." Nikasubiri. Jua likahama, likazama, mlinzi akanifungia nje. Nikarudi asubuhi, nikakaa pale pale. Mfagiaji, mama mmoja mcheshi, ndiye aliyeniambia kwamba mtahini ameanza likizo. Nikaendelea kukaa. Aliporudi kutoka likizo na kunikuta, machozi yalimlengalenga, akasema hajapata kuona kipaji kama changu. Akanibandika beji ya shaba kifuani: MNGOJAJI RASMI.

Niseme la moyoni, kwa kuwa mnanisoma kimya kimya. Mimi sikuoa. Sijawahi kungojwa na mtu, wala kukabidhiwa mtu wa kumngoja. Usiku ule niliivaa ile beji na tai yangu ya zamani ya ofisini, nikasimama mbele ya kioo, nikacheka peke yangu kama mwehu. Halafu nikakumbuka kwamba ili nifanye kazi yangu lazima Bi Kidawa aondoke, na upande wa pili wa ukuta patakuwa kimya. Furaha ikanitumbukia nyongo.

"Umependeza," akasema Bi Kidawa asubuhi. "Sasa niambie. Utaningoja kweli, au ni ya karatasi tu?"

"Kweli, Bi Kidawa."

"Haya. Na kuku wangu usiwanyime maji."

*

Safari hii niliitwa dirishani, tena kwa cheo.

"Utamngoja vipi?" akauliza Bwana Afisa.

"Kwa kukaa."

"Na asiporudi?"

"Nitaendelea kukaa."

Akaitazama beji, akaridhika, akagonga muhuri. Bi Kidawa akanigusa kiwiko. Nilijiona mtu.

"Linabaki moja," akasema kijana. "Kujulia hali. Hali gani?"

"Mwanangu hajisikii vizuri."

"Lete cheti cha daktari. Anaumwa nini?"

"Haumwi."

"Haumwi, lakini hajisikii vizuri?"

"Ndiyo, baba."

Sasa huyu kijana alizaliwa hapa hapa Stahamala. Bila shaka na mama yake naye kuna miezi hakujisikia vizuri, na watu wakaulizana habari za mvua kwa ajili yake. Lakini kile kioo kina unene wake, na ukikaa nyuma yake muda mrefu unasahau ulikotoka.

Bi Kidawa akainamia tundu la kioo, akanong'ona.

"Sikusikii, mama. Sogea kwenye kipaza sauti."

Akasogea, akanong'ona tena.

"Sema kwa sauti! Watu wanangoja!"

"Mwanangu ana mimba!"

Vipaza sauti vya ukumbi mzima vikalirudia lile neno, pembe hadi pembe. Wanaume wakatazama viatu vyao. Mama mmoja alijifunika uso kwa bahasha ya makaratasi yake. Mzee wa mwisho wa foleni akamgeukia jirani yake akamuuliza, kwa sauti ya kutetemeka, kama kwao mvua imenyesha. Kila mtu alijitahidi awezavyo asimtazame Bi Kidawa, kwa heshima, naye akageuka akitafuta uso wa kuutazama asiupate. Nilikuwa kando yake na beji yangu, lakini hata mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa. Mila ni mila.

"Sasa tumeelewana," akasema kijana, akachapa. "Huyo mtoto ana cheti cha kuzaliwa?"

"Hajazaliwa, mwanangu. Ndiyo maana ya mimba."

"Basi kwa sasa hayupo, na viza ya kumwendea asiyekuwepo hatuna. Akizaliwa, lete cheti, faili litaendelea."

Njiani Bi Kidawa alirudia jambo moja tu mpaka tukafika: "Nimemtaja mtoto wa watu hadharani, Bwana Songoro. Nimemtaja."

*

Mungu ni mkubwa, jicho halikumpata. Raya alijifungua salama, mtoto wa kike. Mumewe alikuwa melini. Hospitali ya huko ilimruhusu Raya upesi, maana wenzetu wanaharakisha kila kitu isipokuwa viza, akarudi nyumbani na mtoto wake kifuani na mfuko wa nepi mkononi. Cheti kikatumwa, tukakipeleka, faili likaanza kuendelea. Kila tulipouliza tuliambiwa linaendelea.

Bi Kidawa hakungoja faili. Asubuhi ya kwanza aliamka akapika uji wa mzazi, wenye pilipili manga na mdalasini na samli, akaiegemeza simu kwenye kopo la sukari. Nami nikaitwa kwa kugongewa ukuta. Raya alitokea nywele hazijachanwa, mtoto amelala begani.

"Umekunywa kitu cha moto?"

"Nimekula mkate, mama."

"Mkate! Mzazi anakula mkate! Na tumbo umefunga?"

"Nifunge na nini, mama? Mkaja uko kwako."

Bi Kidawa akakitazama kile kipande cha nguo kikiwa juu ya begi. Ndicho alichofungwa yeye na mama yake alipomzaa Raya. Kisha akaumimina uji kwenye bakuli, akanisogezea.

"Kunywa, Bwana Songoro."

"Mimi?"

"Uji wa mzazi haumwagwi, ni mkosi. Na lazima anywe mtu. Kunywa, mwanangu aone unavyoshuka."

Nikanywa. Mbele ya ile simu, beji kifuani, jasho likinitoka hata masikioni, mimi Songoro, mseja, nikanywa uji wa mzazi mpaka nikakwangua bakuli. Raya alicheka mpaka mtoto akaamka. Kesho yake nikanywa tena. Kesho kutwa nikaletewa supu ya kuku. Jogoo mmoja alikuwa amekwenda na maji. Arobaini nzima nilikula na kunywa kwa niaba, nikanawiri, mashavu yakang'aa, watu mtaani wakaanza kuniuliza siri.

Ila Raya alizidi kukonda. Siku moja nilikuwa nimefika nusu ya bakuli nikaona hacheki. Alikuwa ameisogeza simu karibu na uso, anatazama ule mvuke.

"Mama," akasema, "haki ya Mungu nasikia harufu yake." Akalia kama mtoto, na mtoto wake naye akalia, na Bi Kidawa akaupapasa uso wa ile simu kwa kidole gumba, akaibonyeza pasipotakiwa, ikakatika.

*

Arobaini ilikwisha toka ndipo ujumbe ulipoingia: viza tayari. Bi Kidawa alitia kanga za mtoto kwenye begi, akauweka mkaja juu kabisa, akavaa viatu vya kufunika. Akaaga mlango kwa mlango, mimi nikiwamo, ingawa nilikuwa namsindikiza ubalozini. Akili yake ilimwambia kwamba akishaipata viza hatageuka nyuma.

Ilikuwa viza nzuri, inang'aa, na ule uso wa huzuni umetokea vizuri. Mimi, kwa macho ya kikarani, nikasoma tarehe.

"Bwana Afisa, hii imekwisha juzi."

"Viza hutolewa kwa tarehe alizoomba mwombaji," akasema kijana. "Hizo ndizo alizoomba. Na kwa kuwa imekwisha, sheria inamtaka athibitishe kwamba amerudi."

"Sikwenda," akasema Bi Kidawa.

"Mama, sikiliza. Ulipewa ruhusa ya kwenda, na sasa uko hapa. Aliyeruhusiwa kwenda, na yuko hapa, amerudi. Au unataka niandike kwamba umebaki Ulaya kinyume cha sheria? Hapo hutapewa viza tena maisha yako yote."

Bi Kidawa akanitazama. Mimi niliyekula mshahara wa serikali maisha yangu yote nilijua kijana hakukosea hata kifungu kimoja. Nikamwambia atie saini. Akatia.

"Hongera. Wangekuwa wote kama wewe, tusingekuwa na shida," akasema kijana, na alisema kwa moyo safi kabisa. "Swali la mwisho ni la takwimu. Umemwona uliyemwendea?"

"Nimemwona," akasema Bi Kidawa. "Nimemwona kwenye kioo, kama ninavyokuona wewe."

Kijana akaandika: *Ameridhika*. Kisha akanigeukia. "Mngojaji, uko hapa ndani unafanya nini? Toka ukasimame langoni umpokee. Kuna kamera, lazima tukio lionekane."

Nikatoka, nikasimama langoni chini ya kamera, nikanyoosha tai. Bi Kidawa akatokea na begi lake begani, anakuja polepole, viatu vinambana. Kwetu msafiri akifika hupokewa mzigo, akapewa pole, naye hujibu kwamba ameshapoa. Hata mtoto wa chekechea analijua hilo. Nikapokea begi. Lilikuwa na uzito ule ule wa alipotoka nalo nyumbani.

"Karibu nyumbani, Bi Kidawa," nikasema kwa sauti, kamera isikie. "Pole na safari."

Nikangoja anijibu. Tukatembea mpaka mtaani kwetu, akafungua mlango, akawatilia kuku maji, akaingia ndani akaurudisha mlango pole pole. Mimi bado nilikuwa nimesimama uani na begi mkononi, namngoja.